Fungu la chombo au mali kauli? Mtaji wa wachumi na mtaji wa wanasosholojia

Mwanafunzi mmoja niliyekuwa namsaidia alikwenda soko la samaki Bagamoyo kukusanya data za tasnifu yake. Swali la nane kwenye dodoso lilisema: "Una mtaji wa shilingi ngapi?" Mama mmoja wa kukaanga, amesimama mbele ya karai la mafuta yanayochemka, ndoo mbili za vibua ziko miguuni pake, akamjibu, "Sina mtaji, mwanangu." Mwanafunzi akaandika sifuri. Jioni tulipokaa kupitia karatasi tukakuta sifuri kumi na moja. Wanawake kumi na mmoja wanaofanya biashara kila siku ya Mungu, wanaosomesha watoto kwa biashara hiyo hiyo, na karatasi inasema hawana mtaji.

Mama hakudanganya. Mtaani "mtaji" ni pesa taslimu ya kuanzia, na ile hakuwa nayo. Vibua vile alivichukua alfajiri kwa dalali bila kutoa senti, kwa makubaliano kwamba jioni atarudisha. Hiyo ndiyo mali kauli: mali unapewa kwa kauli yako. Mwanafunzi naye aliandika alichoambiwa. Kasoro ilikuwa kwamba hakuwa ameamua, kabla ya kutoka nyumbani, anatafuta mtaji wa nani. Wa mchumi, au wa mwanasosholojia?

Uamuzi huo unamkabili kila anayeandika tasnifu, andiko la mradi, sera ya mikopo, hata mpango wa biashara yake mwenyewe. Naziweka maana hizi mbili bega kwa bega, na pale ninapoona moja inafaa kuliko nyingine nitasema wazi.

Kichwa cha mali

Neno letu la zamani ni rasilimali, na limetoka Kiarabu: ras ni kichwa, mal ni mali. Kichwa cha mali. Wazungu nao walilichimba neno lao kwenye Kilatini caput, ambalo pia ni kichwa. Lugha mbili zisizo na undugu zimefika kwenye picha ileile: kuna mali iliyo kichwa, na nyingine inafuata nyuma yake kama mwili. Siku hizi rasilimali tumeipeleka kwenye misitu, madini na "rasilimali watu," na kazi ya zamani tumeiachia mtaji. Wasomi wote wawili wanakubaliana na picha ya kichwa. Wanachogombana ni kichwa hicho kimeundwa na nini.

Mchumi na fungu la chombo

Ukitaka kuuona mtaji wa mchumi kwa macho, kaa ufukweni chombo kinaporudi. Samaki wakishapigwa mnada, gharama zinatolewa kwanza: mafuta, barafu, chakula cha safari. Kinachobaki kinapangwa mafungu. Utaratibu unatofautiana kati ya pwani na pwani, lakini utasikia fungu la chombo, fungu la mashine, fungu la nyavu, ndipo nahodha na mabaharia. Chombo hakina tumbo wala mtoto wa shule, lakini kinapata fungu kama mtu, na fungu hilo linakwenda kwa mwenye chombo, hata kama usiku ule alilala kwake.

Nadharia ya mchumi inaanzia hapo. Mtaji ni kitu kilichotengenezwa ili kisaidie kutengeneza kingine. Pesa peke yake si mtaji katika maana hii. Ni njia ya kuufikia. Adam Smith, mwaka 1776, alitenganisha akiba ambayo mtu anaila na akiba anayoitarajia imletee kipato, na ya pili ndiyo aliyoiita mtaji. Mvuvi wa mshipi anayejinyima siku kumi ili ashone wavu ameugeuza mlo wa leo kuwa samaki wa kesho. Wavu unachakaa, kwa hiyo sehemu ya kipato lazima irudi kuuziba. Na wavu una bei: ukichoka, unamuuzia mwenzako.

Katika mkusanyiko wa makala uliotoka mwaka 2000, mchumi Kenneth Arrow alizikusanya sifa hizo tatu: kitu kinadumu kwa muda, mtu anajinyima leo kwa makusudi apate baadaye, na kinaweza kuhamishwa kutoka mkono mmoja hadi mwingine. Akasema kinachoitwa mtaji wa kijamii hakitimizi masharti hayo vizuri, na akashauri neno "mtaji" liachwe katika habari za mahusiano. Katika mkusanyiko huohuo Robert Solow, ambaye mwaka 1956 alitoa modeli maarufu ya ukuaji wa uchumi, aliuliza hasa: hiyo ni akiba ya kitu gani? Ni swali la haki. Atakayetumia maana ya kisosholojia awe na jibu lake mfukoni, maana msimamizi wa tasnifu atamuuliza.

Wachumi wenyewe, hata hivyo, walishaipanua nyumba yao. Desemba 1960, Theodore Schultz aliwaambia wachumi wenzake wa Marekani kwamba elimu, afya na ujuzi vihesabiwe kuwa mtaji, na mwaka 1964 Gary Becker akalijengea wazo hilo hesabu zake. Tukaanza kusema mtaji watu. Schultz alikiri katika hotuba ileile kwamba watu wanasita kumwita binadamu mtaji kwa sababu linakumbusha utumwa. Bagamoyo kusita huko hakuhitaji maelezo. Katika mji huu kulikuwa na watu walioandikwa kwenye daftari la mali pamoja na pembe za ndovu. Ukitumia "mtaji watu," sema wazi kwamba ujuzi ni mali ya aliye nao, na kwamba haumilikiwi na mwingine.

Karl Marx naye ni mchumi, ila anakaa mlangoni. Kwake mtaji ni pesa inayozunguka ili irudi imezaa, na haizai mpaka kuwe na watu wasio na kitu cha kuuza ila nguvu zao. Katika kitabu chake cha 1867 anasimulia habari ya Mwingereza mmoja, Peel, aliyekwenda Swan River, magharibi mwa Australia, na mali ya pauni 50,000 pamoja na watu 3,000 wa tabaka la wafanyakazi. Walipofika waliikuta ardhi tele, wakatawanyika kila mtu na lake, na bwana yule akabaki bila hata mtumishi wa kumtandikia kitanda au kumchotea maji mtoni. Vifaa na pesa vyote alikuwa navyo. Kilichobaki Uingereza ni uhusiano uliovifanya vitu vile kuwa mtaji. Sisi tuna msemo kwamba mtaji wa maskini ni nguvu zake mwenyewe. Kwa Marx, nguvu hizo zinakuwa mtaji wa yule anayezinunua.

Mwanasosholojia na mali kauli

Sasa rudi kwa mama na ndoo zake. Alfajiri mnada unapopigwa, dalali anapaza bei, wenye taslimu wanalipa na kuondoka. Kisha anamtazama mama, anainua kidevu kuelekea ndoo mbili, mama anaitikia kwa kichwa, basi. Hakuna karatasi iliyosainiwa. Labda daftari lenye jina na mstari wa kalamu. Mtu aliyefika Bagamoyo jana, hata kama ana karai jipya na anajua kukaanga kuliko yeye, hainuliwi kidevu.

Mwanasosholojia wa Marekani James Coleman, mwaka 1988, aliandika juu ya wauzaji wa almasi wa jumla New York. Mfanyabiashara anamkabidhi mwenzake mfuko wa mawe ya thamani kubwa aende akayachunguze faraghani, bila bima wala hati. Wanaweza kufanya hivyo kwa sababu wanaoana wao kwa wao, wanasali pamoja na wanaishi mtaa mmoja. Atakayeiba atapoteza familia, ibada na jirani kwa siku moja. Coleman aliuita uhusiano huo mtaji wa kijamii: haukai mfukoni mwa mtu, unakaa kati ya watu.

Mali kauli ya pwani yetu inaenda mbali zaidi ya soko la samaki. Karne ya 19 misafara ya kwenda bara iliondoka na nguo, shanga na nyaya za shaba zilizokopwa kwa matajiri wa Zanzibar. Tippu Tip, mfanyabiashara wa pembe na watumwa, katika habari za maisha yake alizoziandika kwa Kiswahili, anamtaja tajiri wa Kihindi wa Zanzibar, Taria Topan, kati ya waliompa mali. Msafara ulikaa bara miaka kabla ya deni kulipwa kwa pembe. Mchumi ataona mkopo, riba na hatari. Mwanasosholojia atauliza kwa nini alipewa huyu na si yule, na ni watu gani walibeba mzigo wa pembe hizo mabegani bila kuwa na kauli yoyote.

Swali hilo la pili ni la mwanasosholojia Pierre Bourdieu. Alizaliwa mwaka 1930, kusini-magharibi mwa Ufaransa, baba yake mfanyakazi wa posta, na aliona kwa ngozi yake jinsi lafudhi ya kijijini inavyomfunga mtu kwenye shule za wakubwa. Katika insha iliyotoka kwa Kiingereza mwaka 1986 alitaja mtaji wa aina tatu. Wa kiuchumi ni ule unaogeuka pesa moja kwa moja. Wa kitamaduni uko mwilini (namna ya kusema, kukaa, kujua la kusema wapi), uko kwenye vitu kama vitabu, na uko kwenye vyeti. Wa kijamii ni watu unaoweza kuwaita wakaitika. Na kila aina inaweza kubadilishwa kuwa nyingine, kwa gharama na kwa muda.

Hapa nakiri nina upendeleo. Aina ya pili, wa kitamaduni, ndiyo inayonieleza nchi yangu kuliko zote. Mtoto wa Tanzania anasoma shule ya msingi ya serikali kwa Kiswahili, akifika kidato cha kwanza anakuta masomo ni kwa Kiingereza. Weka wawili dawati moja, kitabu kimoja, mwalimu mmoja. Mmoja nyumbani baba anasoma gazeti la Kiingereza na katuni za asubuhi ni za Kiingereza. Mwenzake lugha hiyo anaikutia darasani tu. Mwalimu anauliza, wa kwanza ananyoosha mkono, wa pili anaangalia meza. Miaka minne baadaye tunasema wa kwanza ana akili. Mtaji watu wa Becker unahesabu miaka ya shule, na miaka yao ni sawa. Wa Bourdieu unaiona tofauti iliyoingia nao darasani siku ya kwanza.

Na thamani ya mtaji huo inategemea uwanja. Kiingereza kinacholipa kwenye usaili wa ofisi, kipeleke kwa dalali wa samaki alfajiri uone kama utainuliwa kidevu.

Vinapogongana

Tofauti ya kwanza ni uchakavu. Wavu ukitumika unaisha. Kuaminiana kukitumika kunakua. Kunakufa kukikaa bila kutumika, au siku moja mtu anapokimbia na deni. Ya pili ni umiliki. Mama anaweza kuuza karai lake akisafiri. Kidevu cha dalali hawezi kumuuzia mtu, ingawa anaweza kumtambulisha mkwe wake na kumwachia nafasi polepole. Arrow ana haki kusema hapa neno "mtaji" linavutwa sana. Mimi bado nalishikilia, kwa sababu kile kidevu kinaleta kipato kila siku na kilijengwa kwa kujinyima: kuna jioni mama alirudisha pesa yote akalala njaa ili kesho aaminike.

Tofauti ya tatu inasahaulika na wengi wanaousifu mtaji wa kijamii. Kamba inayokuvuta juu inaweza pia kukufunga. Mwanasosholojia Alejandro Portes, mwaka 1998, alionya kwamba mahusiano yaleyale yanamfungia nje asiye wa kundi, na yanamzidishia aliye ndani madai. Kila mwenye duka la rejareja anaijua habari hii: shemeji anachukua sukari, mjomba anaomba nauli, mpaka rafu zinabaki na chumvi na viberiti. Wachumi Pamela Jakiela na Owen Ozier walifanya jaribio vijijini magharibi mwa Kenya na kukuta wanawake walioacha sehemu ya faida ili tu ndugu wasijue wamepata kiasi gani. Mchumi asiyejua sosholojia angewaona hawajui kuchagua. Walikuwa wanajua vizuri sana.

Basi uchague upi?

Kama swali lako ni kiasi (mashine hii italipa lini, mkopo huu unabebeka, riba inameza faida kwa mwezi gani), chukua maana ya mchumi na usiichanganye. Mtu anayetaka kuingia mkopo wa "kausha damu" anahitaji hesabu ya riba, si mhadhara wa mahusiano. Hata mali kauli ina upande huu: ikiwa ndoo ya deni inauzwa ghali kuliko ndoo ya taslimu, ile tofauti ni riba, ihesabu kama riba.

Kama swali lako ni kwa nini watu wawili waliopewa kiasi kilekile wamefika pawili, maana ya mchumi itakuishia njiani. Suresh de Mel, David McKenzie na Christopher Woodruff waligawa ruzuku kwa biashara ndogo Sri Lanka kwa bahati nasibu. Kwa wastani mtaji ule ulizaa karibu asilimia 5 kwa mwezi, kiwango ambacho benki nyingi zingekitamani. Walipotenganisha wenye biashara, faida ilikuwa ya wanaume. Kwa wanawake, wastani haukuonyesha ongezeko. Pesa ilikuwa ileile. Kujibu kwa nini, lazima uingie nyumbani, uone nani anashika pochi na biashara ipi mwanamke anaruhusiwa kufanya.

Watunga sera wanapata hasara kubwa zaidi wanapochagua vibaya. Mwaka 2004 Tanzania ilianzisha MKURABITA, mpango wa kurasimisha rasilimali na biashara za wanyonge, kwa fikra za mchumi Hernando de Soto wa Peru: maskini wana ardhi na nyumba, lakini bila hati ni mtaji mfu, wape hati uamke. Hati ni kitu chema, na namtakia kila mwanakijiji aipate. Lakini dhamana inaishi pale tu benki inapoweza kuiuza. Shamba lenye hati ya haki miliki ya kimila likipigwa mnada kijijini, nani atanyanyua mkono kulinunua shamba la jirani aliyezika naye wazazi? Hati imeshughulikia fungu la chombo. Mali kauli haijaigusa.

Kinyume chake, halmashauri zetu zinatenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo: 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Mikopo imepitia kwenye vikundi, yaani serikali imekubali kuaminiana kuwe dhamana. Vikundi vya kuweka na kukopa vilishaonyesha njia. Mfumo uliosambazwa na shirika la CARE ulianzia Niger mwaka 1991, na sanduku lenye kufuli tatu, funguo kwa watu watatu, bado ni kifaa kizuri kuliko vingi vya kisasa. Ila kikundi kilichozaliwa wiki moja kabla ya fomu kufungwa kina majina, hakina kuaminiana. Afisa maendeleo ya jamii anayehesabu wanachama bila kuuliza wamejuana tangu lini anapima mtaji wa kijamii kwa rula ya mchumi.

Kwa mwanafunzi, nina shauri moja zito: chagua mwandishi, siyo neno tu. "Mtaji wa kijamii" wa Robert Putnam, aliyeandika juu ya Italia mwaka 1993, ni sifa ya mji au nchi nzima, na kwa kawaida ni neema. Wa Bourdieu ni silaha ya tabaka. Ukiwaweka aya moja bila kueleza, wasahihishaji watakukata, na watakuwa sahihi. Ukitafiti vijiji, anza na Deepa Narayan na Lant Pritchett: kwa data za 1995 za vijijini Tanzania walikuta kaya zilizo kwenye vijiji vyenye vikundi vingi na vilivyo hai zina matumizi makubwa zaidi, hata baada ya kuzingatia elimu na mali. Ukitafiti ajira na "koneksheni," mtafute mwanasosholojia Mark Granovetter, 1973. Katika utafiti wake, kati ya waliopata kazi kupitia mtu, ni karibu asilimia 17 tu waliokuwa wanamwona mtu huyo mara kwa mara. 56 walimwona mara mojamoja, 28 kwa nadra. Ndugu wa karibu anajua kazi zilezile unazozijua wewe.

Na ukitafiti soko la samaki unahitaji zote mbili, kwa maswali tofauti. Hata mchumi makini asingeandika sifuri: karai, jiko na ndoo zina thamani na zinachakaa. Tulilivunja swali la nane. Tukauliza vifaa vyako vingekugharimu kiasi gani ukivinunua leo. Tukauliza samaki wa asubuhi umewapataje. Tukauliza nani alikupeleka kwa dalali mara ya kwanza, na ukishindwa kurudisha leo, kesho nani atakupa.

Mwanafunzi alirudi kwa mama yuleyule, akamwamkia, akauliza upya. Mama aligeuza vibua, akafuta mikono kwenye kanga, akaeleza kwa dakika ishirini. Pale palipokuwa na sifuri sasa pameandikwa: karai moja, jiko la kuni, ndoo mbili, mali kauli kila siku isipokuwa Ijumaa, alipelekwa kwa dalali na mama mkwe, mwaka aliojifungua mtoto wa pili, akishindwa leo, wifi yake wa meza ya tatu atamlipia.